Mstari wa Njano

Mama Tochi alifika gereji saa mbili na robo asubuhi, akakuta gari limeshaoshwa. Hakupenda hata kidogo. Gari la porini likiwekwa sokoni likiwa linameta hadi ndani ya rimu, ama kuna mtu amehangaika kuficha jambo, ama kuna mtu hajamaliza kulia. Yeye alikuja akijua kwamba mle ndani ya nyumba kulikuwa na msiba, ila hakutakiwa kuonyesha kwamba anajua.

Kwa watu wa pale alikuwa amekuja kwa kazi moja tu. Mnunuzi wa mji wa mbali, mwanamke, ameona picha za gari kwenye simu, amelipenda, hana nafasi ya kusafiri siku nzima kuja kuligusa, basi amemtuma mkaguzi alale chini yake kwa niaba yake. Kazi hiyo Mama Tochi aliifanya karibu kila wiki tangu astaafu polisi, ambako alikagua magari ya ajali kwa miaka ishirini na sita. Fomu yake ilikuwa na kurasa mbili, na hakuwahi kuijaza nusu.

Ambacho watu wa pale hawakukijua ni kwamba mnunuzi mwenyewe alikuwa mkwe wao.

Alikuwa ameolewa katika nyumba ile ile iliyopakana na gereji. Miezi minane nyuma mumewe alikuwa akiteremka mlima na gari hilo akirudi kutoka kazini, na kwenye kona ya tatu gari halikukata kona. Lilikwenda mbele moja kwa moja hadi korongoni. Taarifa ya trafiki ilikuwa na sentensi tatu, na ya tatu ndiyo iliyommaliza mjane: dereva alikuwa akizungumza na simu. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni yeye. Walizungumza dakika kumi na moja, na dakika zote kumi na moja walikuwa wanagombana. Baada ya mazishi mama mkwe alimwambia akusanye nguo zake arudi kwao, na amwache mtoto. Mtoto ni msichana wa miaka sita. Jumapili hii kikao cha familia kingekaa kuamua abaki wapi, ingawa kila mtu alijua tayari kitaamua nini.

"Nataka kujua kama ni mimi," mjane alimwambia Mama Tochi walipozungumza mara ya kwanza. "Kama ni mimi, basi. Sitakwenda hata kwenye kikao. Lakini gari wanaliuza, Mama, na likishaondoka sitakuja kujua tena maisha yangu yote."

"Kuna mtu unamshuku?"

Alikuwepo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ndugu hao wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya kiwanja. "Angalia breki," mjane alisema. "Nakuomba sana. Angalia breki."

Ndiye huyo huyo shemeji aliyefungua lango asubuhi ile. Alikuwa kijana mtanashati, viatu vyeupe mle gereji, simu mbili mkononi. Alimwangalia Mama Tochi kuanzia kilemba hadi kwenye ovaroli iliyopauka, kisha akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja.

"Karibu, Mama. Fundi wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayeongea naye."

"Ahaa. Na hapo chini utaweza kuingia kweli?"

"Kuingia naweza. Kutoka ndiko utakakonisaidia."

Kijana alicheka, na kidogo akalegea. "Sawa, ila tufanye chapuchapu. Saa sita kuna mtu anakuja kulichukua, na yeye haji na tochi, anakuja na pesa."

Mama Tochi alifungua fomu kwenye boneti. Alikuwa na utaratibu wake: kwanza anauliza, pili anaangalia, tatu anauliza tena swali lile lile. Watu wengi hukwama kwenye la tatu.

"Gari limewahi kupata ajali?"

"Hata kukwaruzwa."

Aliandika hivyo hivyo, hata kukwaruzwa, kisha akatoa mfukoni sumaku aliyoifunga kitambaa. Aliibandika kwenye mlango wa kulia, ikashika. Akazunguka, akaibandika kwenye mlango wa kushoto, ikamdondokea kiganjani. Aliirudia pale pale mara tatu, taratibu, huku akimwangalia kijana usoni.

"Mlango huu umezibwa kwa puti nene kuliko bati," alisema. "Na nguzo hii ya paa imenyooshwa. Nirudie swali langu?"

"Pengine mwenye gari wa kwanza, unajua magari haya ya mitumba..."

"Andika lilianguka."

Sauti ilitoka nyuma yao. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, mrefu, amepinda kidogo mgongoni, kofia ya sufu kichwani na kitambaa cha kufutia mikono begani. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya njano kwenye kucha, na Mama Tochi hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lilianguka, Mama. Mwanangu mkubwa alifia humo. Mimi ndiye niliyelinyoosha, kila kitu kwa mkono wangu." Alimgeukia kijana wake. "Na wewe uongo nilikukataza. Nenda kaniletee maji ya betri."

"Baba, kuna watu wa kutuma..."

"Nimekutuma wewe."

Kijana aliondoka na simu zake mbili. Mzee alivuta kreti tupu la soda, akakaa, akaweka mikono magotini.

Mji mzima ulimwita Fundi Njano, na jina lenyewe alilipata kwa kazi. Kila nati aliyoikaza aliipaka mstari mwembamba wa rangi ya njano, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoishika. Mstari ukikatika, ujue nati imesogea. Madereva wa malori walivuka gereji kumi kuja kwake kwa ajili ya mstari huo. Hata Mama Tochi mwenyewe, enzi za kazi, akilala chini ya gari akakuta njano, alikuwa anapitisha tochi harakaharaka na kuhamia kwingine. Alilikumbuka hilo sasa na hakulifurahia.

Walipandisha gari kwenye jeki nne. Alilala juu ya boksi lililokunjuliwa, akajisukuma chini, magoti yakalalamika kama kawaida yao. Juu ya uso wake njano ilikuwa kila mahali, kwenye springi, kwenye shokomzoba, kwenye giaboksi. Mingine ilikuwa ya zamani, imefifia kwa vumbi na matope. Mingine ilikuwa mipya, inang'aa. Hii ilimrahisishia kazi: palipo na njano mpya ndipo mzee alipofungua baada ya ajali.

Alianza na breki, kama alivyoombwa. Mpira wa breki wa mbele kushoto, ule unaopitisha mafuta ya breki, ulikuwa mpya. Ile mingine mitatu ilikuwa ya zamani. Alikaa akiuangalia kwa muda. Mjane angeuona mpira huu angepiga kelele.

"Mzee," aliita kutoka chini. "Spea ulizotoa bado unazo?"

"Zote zipo. Spea mbovu ni mali ya mwenye gari. Mimi sijawahi kutupa cha mtu."

Alileta gunia, akalikung'uta juu ya turubai. Mama Tochi alitoka chini, akapiga magoti, akaanza kuzipanga spea zile sakafuni kila moja mahali pake, mbele mbele, nyuma nyuma, kushoto kushoto, mpaka turubai ikawa na umbo la gari. Mzee alimwangalia. Kulikuwa na springi iliyokatika, bawaba, kioo cha pembeni, nati ndogo ya taa. Na mpira wa breki.

Aliuchukua, akauweka mwangani. Kisu hukata mpira kikaacha ukingo safi. Huu ulikuwa umetafunwa. Ulikuwa umebanwa kati ya vyuma viwili mpaka nyuzi zake za ndani zimefumuka, na kibano kilichoushika kilikuwa kimepondeka vile vile, mahali pale pale. Breki zilivunjika gari lilipopiga mwamba. Kabla ya hapo zilikuwa nzima. Shemeji mtu alikuwa mwongo wa kawaida wa kuuza magari, basi, na Mama Tochi alimwondoa kwenye hesabu.

Kwa hiyo ilibaki simu. Aliwaza jinsi ya kumwambia mjane, na hakupata maneno.

Lakini fomu yake hakuwahi kuijaza nusu. Alirudi chini na kuanza kuhesabu upya: kila kipya kilichokuwa kwenye gari, je, cha zamani chake kipo kwenye turubai? Springi ipo. Shokomzoba ipo. Bawaba zipo. Vyote vilikuwa vya upande wa kushoto, upande ulioangukia mwamba, kama inavyopaswa. Alihamia kulia ili amalize tu.

Pale akakuta njano mpya.

Ilikuwa kwenye tairodi, ile fimbo inayopokea amri ya usukani na kuyageuza magurudumu ya mbele. Kila ncha ya fimbo ina kichwa kilichofungwa kwenye mkono wa gurudumu kwa nati, na nati yenyewe ina vijino, na katikati ya vijino hupitishwa pini nyembamba ili nati isijifungue hata gari litikisike mwaka mzima. Kichwa cha kushoto, upande ulioumia, kilikuwa cha zamani. Kilikuwa na mstari wake uliofifia na pini yake yenye kutu. Kichwa cha kulia, upande ambao haukuguswa hata na jiwe, kilikuwa kipya kabisa, kimepakwa mstari unaong'aa na kutiwa pini inayometa.

Alitoka chini, akaangalia turubai. Kichwa cha zamani hakikuwepo.

"Babu!" Mtoto wa kike alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimesukwa upya, ameshika mlango kwa mikono miwili. "Bibi anasema chai inapoa."

"Mwambie bibi yako nakuja, mchumba."

"Huyu mama anafanya nini chini ya gari la baba?"

"Natafuta panapouma," Mama Tochi alisema.

Mtoto alifikiri kidogo. "Babu alishalitibu," alisema, akakimbia.

Mzee alibaki akiangalia mlango mtupu.

Mama Tochi alifungua gurudumu la mbele kulia mwenyewe, bila kuomba msaada. Alilalaza tairi, akaingiza tochi ndani ya rimu. Hapo, upande usioonekana gari likiwa limesimama, palikuwa na mkwaruzo uliozunguka karibu nusu ya rimu, mpana kama kidole gumba, umeingia kwenye chuma. Dawa ya kuoshea na kung'arisha ilikuwa imepita juu yake bila kuufuta. Kitu kizito kilikuwa kimening'inia na kulikwangua gurudumu wakati linazunguka. Gurudumu haliwezi kuzunguka likiwa korongoni. Lilikwanguliwa barabarani.

Alimulika mkono wa gurudumu. Tundu ambamo kichwa cha tairodi hukaa lilikuwa limelika upande mmoja. Na kando ya tundu, chini ya grisi, alipofuta kwa kidole, alikuta kipande kifupi cha mstari wa njano. Haukuwa mpya. Ulikuwa umefifia sawasawa na ule wa kushoto, umepakwa siku moja na ule, na ulikuwa unaishia hewani mahali ambapo zamani palikuwa na nati.

Alizima tochi. Alivuta kreti la pili, akakaa mbele ya mzee, karibu, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Upande wa kulia uliumia, mzee?"

"Haukuumia."

"Mbona umebadilisha kichwa cha tairodi?"

"Kilikuwa kimechoka."

"Cha kushoto kimechoka zaidi, na umekiacha."

Mzee alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Cha zamani kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Umeniletea mpaka nati ya taa."

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya vyombo, na ya mwanamke akimkanya mtoto asikimbie na kikombe.

"Pale pana mstari wako wa zamani," Mama Tochi alisema kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo nati uliikaza kabla ya ajali. Mimi nakujua, ukikaza umekaza. Na nati ikikazwa ikatiwa pini haitoki. Naomba uniambie wewe, nisiseme mimi."

Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

"Rangi ilikuwa inaisha," alisema.

Mama Tochi aliweka tochi sakafuni.

"Mimi natia pini kwanza, napaka baadaye. Miaka arobaini na moja. Siku ile, ilikuwa Alhamisi, nikafungua kopo nikakuta rangi imeganda, imebaki kidogo tu katikati. Nikasema nipake zote kabla haijakauka, pini nitatia baada ya hapo. Nikapaka zote. Nikaanza kutia pini. Nikatia huku, nikatia kule, pakaja mtu kuchukua pikapu yake, nikaenda kumtolea. Niliporudi..." Alionyesha kwa mkono mahali gari lilipokuwa limesimama, na mkono ukabaki hapo. "Niliporudi nikaangalia, nikaona njano kila mahali. Nikashusha jeki."

"Uliamini mstari."

"Ningeamini nini kingine? Ni wangu."

Marehemu alilichukua gari Ijumaa. Siku nzima alikuwa kwenye barabara za mashimo. Nati ikawa inajifungua kidogo kidogo, na Jumamosi mchana kwenye kona ya tatu fimbo ikachomoka, gurudumu la kulia likabaki halina mwenyewe. Mama Tochi aliyasema haya polepole ili mzee amkatishe kama amekosea. Mzee hakumkatisha.

"Hata angekuwa na mikono minne kwenye usukani," Mama Tochi alimaliza, "lisingekata kona."

"Lisingekata."

"Ulijua lini?"

"Siku ya nne baada ya mazishi. Gari lilipovutwa hapa. Niliona fimbo inaning'inia, nikajiambia imevunjikia kule chini. Nikaenda kwenye meza yangu. Huwa natoa pini zinazotakiwa, naziweka kwenye kifuniko cha kopo, ili zikiisha nijue nimemaliza." Aliinua kidole kimoja. "Imebaki moja."

"Na mkwe wako alikuwa bado yuko nyumbani."

"Alikuwepo."

"Mzee!"

"Mke wangu ndiye aliyesema ni simu. Sikusema ndiyo, Mama. Lakini hapana pia sikusema. Nikajiambia nitasema kesho. Nikimwambia mke wangu kwamba mimi ndiye niliyemuua mtoto wake, nitakaa naye wapi? Kesho ikaja, mkwe akafukuzwa. Ikaja nyingine. Mpaka leo."

Mama Tochi alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkasirisha, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekaa miezi minane katika chumba cha kwao akijiita muuaji. Alichukua fomu kwenye boneti, akaifungua ukurasa wa pili, akaiweka kwenye magoti ya mzee pamoja na kalamu.

Kulikuwa na sehemu moja tupu, ya mwisho. Kasoro ambazo muuzaji anazifahamu. Chini yake mstari wa jina na sahihi. Wauzaji wote huandika hakuna, hata wale ambao gari lao linavuja oili mbele ya macho yake.

"Mnunuzi ni nani?" mzee aliuliza.

"Unamjua."

Aliielewa polepole. Kisha akapangusa kalamu kwa kitambaa kana kwamba ina grisi, akaandika kwa herufi kubwa, moja moja, huku midomo ikifuata. Alipomaliza alimrudishia.

PINI YA TAIRODI KULIA HAIKUTIWA. MWANANGU HANA KOSA, MKE WAKE HANA KOSA. FUNDI NI MIMI.

Simu ya mzee iliita. Alikuwa mtu wa saa sita, ameshatoka kwake, anauliza kama gari liko tayari.

"Usije," mzee alimwambia. "Hapana, halijauzwa. Usije tu, baba."

Mama Tochi alitoa simu yake na kupiga. Haikuita hata mara mbili. Aliweka sauti ya nje, kwa sababu aliona mzee ana haki ya kusikia na hana haki ya kukwepa.

"Mama? Umeangalia breki?"

"Nimeangalia. Breki hazikuguswa na mtu. Shemeji yako hahusiki."

Upande wa pili sauti ndogo sana ikasema, "Basi ni mimi."

"Si wewe. Nisikilize vizuri. Usukani ulikatika kabla hajafika korongoni. Angekuwa ameshika simu, angekuwa hajashika, lingekwenda pale pale. Si wewe, mwanangu. Nimeandika na nitatia sahihi."

Mjane alilia. Hakulia kwa kelele. Ilisikika pumzi tu, ikivutwa na kukwama. Mzee alinyoosha mkono, Mama Tochi akampa simu, naye akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Mkwe wangu," alisema. "Ni mimi, baba."

Pumzi ikakatika.

"Nati ile niliifunga mimi. Sikutia pini. Nilijua baadaye, nikanyamaza. Wamekuonea, na mimi nilikuwa nawaangalia."

Mama Tochi aliinama kuona kama laini imekatika. Haikuwa imekatika.

"Baba," mjane alisema mwishoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya kitu. "Siku ile ninaondoka ulinibebea begi mpaka stendi. Ulinitafutia kiti cha dirishani. Nikakushukuru. Siku ile ulikuwa unajua?"

Mzee aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba haonekani.

"Nilikuwa najua," alisema.

Simu ikakatwa.

Hapo ndipo Mama Tochi alipogeuka na kumwona bibi. Alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili kwenye sinia, na chai ilikuwa imemwagika kwenye sinia lote, kwa hiyo alikuwa amesimama hapo tangu mapema. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyejifunga khanga kiunoni kwa fundo la mtu anayefanya kazi. Aliweka sinia juu ya pipa. Hakumwangalia mumewe. Mzee aliinuka, akaita jina lake la nyumbani, lile la ujana wao, na yeye akainua kiganja, akamzuia papo hapo bila kugeuza kichwa.

Alitembea mpaka kwenye turubai. Aliziangalia spea zile zilizopangwa, akainama, akagusa kioo cha pembeni kilichopasuka, akakirudisha mahali pake.

"Wewe unarudi kwa huyo mwanamke?" alimwuliza Mama Tochi.

"Nitamtumia ripoti leo. Na nikitakiwa Jumapili, nitakuja kusema."

"Asingoje Jumapili. Mwambie aje amchukue mtoto wake. Kesho, akitaka. Hakuna kikao." Sauti ilikuwa imara, lakini mikono ilikuwa inakunja ncha ya khanga na kuikunjua. "Mwambie mtoto amepanda darasa. Na mwambie siku hizi halali bila taa, asije akaizima akamtisha. Hakuwa hivyo, wakati mama yake yupo. Ilianza hapa."

Mama Tochi aliandika nyuma ya fomu: taa isizimwe.

"Ilianza nilipomwambia mama yake amemkimbia," bibi alisema. "Alikuwa ananiuliza kila siku, nikachoka. Nikamwambia hakutaki."

Kalamu ilisimama. "Na hilo nimwambie?"

"Hapana. Hilo nakwenda kulisema mimi, kwa mtoto mwenyewe, sasa hivi."

Alivuka gereji, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akafika kwenye mlango wa nyumba. Kutoka ndani mtoto alikuwa anaimba wimbo wa shule, anakosea maneno na kuanza upya. Bibi alivua ndala, akaziweka sawasawa kando ya kizingiti, akashika fremu ya mlango. Mama Tochi alifunga sanduku lake la vifaa, akafunga begi, akaziacha spea kwenye turubai, na alipotoka langoni bibi alikuwa bado amesimama pale pale, hajaingia.